Maksi za Ugenini Zahesabiwa Wapi?

Tangu niliporudi kutoka Marekani, hapana swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: "Maksi ulizopata kule zitakufaa nini utakapotaka kuingia chuo kikuu?" Wenzangu huniuliza bwenini, na wazazi huniuliza siku ya kutembelewa. Baba aliniuliza kabla sijapanda ndege, nami sikuwa na jawabu. Leo ninalo, na nimeona vema niliandike hapa.

Nilikwenda kwa mpango uitwao YES, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002. Nilikaa mwaka mmoja wa masomo na jamaa mwenyeji katika jimbo la Iowa, nikatiwa darasa la kumi na moja.

Kwanza yafaa kufahamu jinsi wanavyohesabu. Kule hapana mtihani mmoja wa taifa wa kumalizia shule. Kila mwalimu hujumlisha kazi za nyumbani, majaribio ya darasani na mtihani wa muhula, kisha hutoa herufi. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na F ni sifuri. Hesabu hizo hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya masomo. Wastani wake huitwa GPA.

Mimi nilidhani mtihani ndio kila kitu, nikaacha kazi nyingi za nyumbani. Muhula wa kwanza nilipata A mbili, B moja, C mbili na D moja. Jumla ni 16. Ukigawanya kwa masomo sita, wapata 2.67. Niliona haya kuwaandikia wazee. Muhula wa pili sikuacha hata zoezi moja, nikapata 3.33. Wastani wa mwaka ukawa 3.0. Ndipo nilipojua maana ya haba na haba hujaza kibaba.

Sasa, zahesabiwa wapi? Hapa Tanzania, kwa mwanafunzi wa njia yetu, hazihesabiwi. Mlango wa chuo kikuu ni mtihani wa Kidato cha Sita: lazima upate angalau ufaulu mkuu katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. A yangu ya Iowa haiongezi hata nukta. Wala cheti cha kuhitimu sikupewa. Nilipewa karatasi ya maksi tu.

Lakini ukiomba chuo cha Marekani, mambo hugeuka. Vyuo vya kule hutazama miaka yote ya sekondari, na kwa kawaida hutaka maksi kutoka kila shule uliyosoma. Kuzificha ni udanganyifu, na waweza kukunyang'anya nafasi. Darasa la kumi na moja hutazamwa sana, maana kwa wengi ndio mwaka kamili wa mwisho kabla ya kuomba. Hata hivyo, wasomao maombi huona pia kama mwanafunzi alianguka kisha akainuka.

Kwa hiyo, ndugu yangu utakayekwenda, fanya haya. Kabla ya safari, wewe na mzazi wako mwoneni Mkuu wa Shule, mpatane utarudi kidato gani. Ukifika, uliza kila mwalimu anavyogawa maksi zake. Kabla ya kuondoka, omba karatasi ya maksi yenye muhuri, na barua ya mwalimu anayekujua vizuri. Ukiisha kurudi, kuvifuatilia kutoka mbali ni kazi.

Tulioanza pamoja sasa wako Kidato cha Sita, nami niko cha Tano. Baba huniuliza kama niliupoteza mwaka. Humjibu kuwa sikuupoteza, lakini nimeulipia. Na afadhali mtu ajue bei kabla ya kununua.