Kwa Nini Vitabu Hupigwa Marufuku Shuleni

Kitabu huondolewa shuleni hasa kwa hofu mbili: kwamba kitaharibu maadili ya watoto, au kwamba kitatikisa utawala. Ya kwanza ilijitokeza Februari 2023 nchini Tanzania. Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, akisema vinakiuka mila na maadili.

Ya pili Kenya inaijua vizuri. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1986. Ngũgĩ amesimulia kuwa wanakijiji walimzungumzia mhusika wake mkuu, Matigari, kana kwamba yu hai, hata ikatolewa amri akamatwe. Ilipobainika ni mtu wa hadithini, polisi waliingia madukani mwaka 1987 wakazoa nakala.

Lakini marufuku nyingi hazitangazwi. Nchini Kenya, vitabu vya masomo hupitishwa kwanza na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Kisichoidhinishwa ni nadra kufika darasani. Kwa mtoto asiye na kitabu kingine nyumbani, ukimya huo ni mzito kuliko tangazo la waziri.