Maji ya Kulelea Viinitete vya Ng'ombe: Namna Yanavyotayarishwa na Mambo ya Kuzingatiwa

Wafugaji wetu wameshauzoea upandishaji wa ng'ombe kwa mrija, ambao kwa njia yake mbegu za dume mmoja aliye bora huweza kuwafikia majike mamia kwa mamia. Kwa upande wa jike mambo ni mazito zaidi, kwani ng'ombe hata akiwa mwingi wa maziwa kiasi gani, hubeba mimba miezi tisa na kwa kawaida huzaa ndama mmoja tu. Njia iliyokuja kulipunguza tatizo hilo ni ile ya kuyachukua mayai ya ng'ombe, kuyapevusha na kuyatungisha katika maabara, kuvilea viinitete kwa muda wa siku saba, na hatimaye kuvipandikiza katika miji ya mimba ya majike wengine. Ndama wa kwanza aliyetokana na yai lililotungishwa nje ya mwili wa mama yake alizaliwa Marekani mwezi wa Juni 1981. Hivi leo njia hiyo inatumika katika nchi nyingi, Brazil ikiwa miongoni mwa zile zinazoitumia kwa wingi kabisa.

Kwa wakaazi wa Unguja jambo hili si la kusomwa kama habari ya mbali. Mwaka 1997 kisiwa hiki kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o, baada ya kazi ya miaka kadhaa ya kuwaachia angani mbung'o madume waliotiwa ugumba, waliokuwa wakizalishwa Tanga. Tangu hapo ng'ombe wa maziwa na machotara waweza kufugwa katika sehemu ambazo hapo kale wangedhoofika na kufa. Hata hivyo, kumsafirisha ng'ombe aliye hai kuvuka bahari ni gharama na ni hatari ya maradhi, ilhali kiinitete kilichogandishwa husafiri ndani ya chupa ya naitrojeni pamoja na wenzake wengi. Makala haya hayakusudii kueleza kazi yote hiyo. Yanaeleza sehemu yake moja tu, ambayo mtazamaji huipuuza kwa kuwa machoni pake ni maji matupu katika chupa: nayo ni utayarishaji wa maji ya kulelea viinitete.

Kwa nini maji ya kawaida hayafai

Yai la ng'ombe likishatungishwa ndani ya mwili hukaa siku nne hivi katika mrija wa uzazi kabla ya kushuka katika mji wa mimba. Humo hulelewa na ute mwembamba wenye chumvi, sukari kidogo, asidi na protini kwa vipimo vyake. Maabara haina mrija huo, kwa hiyo hulazimika kuuiga ute wake. Zamani wataalamu walipokuwa hawajaweza kuuiga, walivifunga viinitete vya ng'ombe ndani ya mirija ya kondoo aliye hai na kwenda kuvitoa baada ya siku kadhaa, kwani katika vyombo vya kioo vilikuwa vikifikia seli nane au kumi na sita, kisha vikasimama na kufa.

Mwaka 1972 Tervit, Whittingham na Rowson, waliokuwa wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, walitoa maelezo ya maji yaliyotungwa kwa kufuata mkolezo wa ute wa mrija wa kondoo. Maji hayo, pamoja na marekebisho mengi yaliyoingizwa baadaye, ndiyo yanayotumika mpaka leo katika maabara nyingi. Ieleweke kwamba kazi yote huhitaji maji ya namna tatu: ya kupevushia yai kwa saa 22 hadi 24, ya kutungishia kwa saa 18 hivi, na ya kulelea mpaka siku ya saba. Haya ya tatu ndiyo tutakayoyashughulikia hapa, kwa kuwa ndiyo kiinitete hukaa nayo muda mrefu zaidi.

Maji yenyewe

Zaidi ya sehemu 98 katika kila 100 za maji ya kulelea ni maji safi. Kwa hiyo uchafu wowote uliomo katika maji hayo humfikia mlelewa wote. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake hupita katika mawe hayo na kubeba kalsiamu nyingi. Kila mama wa nyumbani anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Maji hayo ni mazuri kwa kunywa, ila kwa kiinitete ni dawa iliyozidi kipimo. Kuyachemsha hakutoshi, maana kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi zote, wala hakuondoi sumu zinazobakia baada ya vijidudu kufa. Hata maji yaliyokenekwa mara moja katika chombo cha zamani hayaaminiki.

Maji yanayotakiwa ni yale yaliyopitishwa katika mitambo ya kusafishia mpaka yakawa hayapitishi umeme ila kwa shida kubwa. Kipimo chake huandikwa megaomu-sentimita 18.2. Yatumike siku ile ile yaliyotoka. Yakikaa huvuta hewa ya ukaa kutoka chumbani na hulamba uchafu wa chupa. Vichujio vya mtambo huo navyo hufika mwisho wao, na tarehe ya kubadilishwa haingojei fungu la fedha la mwaka ujao. Kwa maoni ya mwandishi hakuna pahala pabaya zaidi pa kubania matumizi kuliko hapa.

Chumvi na mizani

Katika lita moja ya maji ya kulelea hutiwa chumvi ya kawaida gramu 6.29, kloridi ya potasiamu gramu 0.53, fosfeti ya potasiamu gramu 0.16, bikaboneti ya sodiamu gramu 2.1, na magnesiamu na kalsiamu kwa viwango vidogo zaidi. Kwa chakula hutiwa laktati na piruvati, na glukosi kidogo sana. Ajabu ya kiinitete ni kwamba katika siku zake za mwanzo hakipendi sukari nyingi. Hutumia zaidi piruvati na laktati, na sukari ikizidi humzuia kukua. Baadaye, kikikaribia kuwa mpira wenye uwazi ndani, ndipo mahitaji yake ya sukari yanapoongezeka. Huongezwa pia asidi za amino, na albumini iliyotolewa katika damu ya ng'ombe.

Hapa panatokea kosa ambalo linawahusu watunza ghala na makarani wa ununuzi kuliko mtaalamu mwenyewe. Kloridi ya kalsiamu huuzwa kwa namna zaidi ya moja: iko kavu kabisa, na iko ile iliyoshikana na maji ndani ya chembe zake. Kipimo kinachotakiwa kwa lita moja ni gramu 0.19 kwa ile kavu, na gramu 0.25 kwa ile yenye sehemu mbili za maji. Chupa zote mbili zimeandikwa jina lile lile, na bei hazipishani sana. Hati ya kuagizia ikiandikwa "kloridi ya kalsiamu" bila ya zaidi, muuzaji ataleta aliyonayo, na mpimaji asiyeisoma karatasi ya chupa atakosea kwa takriban robo ya kipimo.

Hali ya hewa yetu nayo huingia katika hesabu. Kalsiamu kavu huvuta unyevu, na chupa iliyoachwa wazi wakati wa masika huzidi uzito bila kuzidi chumvi. Kwa sababu hiyo chupa hufunikwa mara tu baada ya kupimwa, huwekwa katika chombo chenye dawa ya kukausha, na iliyokwisha kuganda madonge hutupwa. Mizani iwe yenye kusoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, iwekwe juu ya meza isiyotikisika, mbali na feni.

Utaratibu wa kutia nao una sababu. Kalsiamu hutiwa mwisho, ikiwa imeshayeyushwa pembeni, na hutiwa kidogo kidogo huku maji yakikorogwa. Ikikutana na fosfeti na bikaboneti zikiwa nzito, hushikana nazo na kuwa unga mweupe unaozama chini. Maji yaliyofanya ukungu wa namna hiyo hayachujwi yakatumika, kwani kilichozama ni ile kalsiamu yenyewe iliyohitajika.

Ili kuepuka kupima vitu vidogo vidogo kila wiki, chumvi zilizo imara hutengenezwa kwa mkolezo wa mara kumi na kuwekwa katika jokofu kwa nyuzi 4 za Sentigredi, kwa muda wa miezi isiyozidi mitatu. Bikaboneti na piruvati hazivumilii muda huo. Hutengenezwa upya kila baada ya wiki moja au mbili. Glutamini, iliyo mojawapo ya asidi za amino, huvunjika yenyewe katika maji ya uvuguvugu na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa kiinitete. Hiyo hutiwa siku ya kutumiwa.

Kupima, kuchuja na kutuliza

Maji yakishachanganywa hupimwa mkolezo wake kwa chombo maalumu, na jibu linalotarajiwa ni miliosmoli 270 hadi 280. Jibu likitoka nje ya hapo, hakuna ruhusa ya kuongeza maji au chumvi kwa kukisia. Hutupwa na kuanza tena. Kisha hupitishwa katika chujio chenye matundu ya mikromita 0.22, ambayo bakteria hawapiti. Matone ya kwanza yanayotoka katika chujio humwagwa, kwa kuwa huosha dawa zilizobakia kiwandani.

Baada ya hapo maji hugawanywa kwa matone madogo ndani ya visahani, yakafunikwa kwa mafuta ya madini yaliyosafishwa, na kuwekwa katika kabati la joto kwa nyuzi 38.5, lenye hewa ya ukaa asilimia 5. Hewa hiyo ndiyo inayoshirikiana na bikaboneti kuweka uchachu wa maji kati ya 7.2 na 7.4. Oksijeni nayo hupunguzwa hadi asilimia 5, maana hewa ya kawaida ina oksijeni nyingi kuliko iliyomo ndani ya mrija wa ng'ombe. Visahani havitumiki kabla ya kutulia humo saa kadhaa; mafundi wengi huviacha usiku kucha. Maabara nyingi hutia rangi ya fenoli katika maji ya kazi: yakiwa ya manjano yamechacha, yakiwa ya waridi iliyokoza yamepoteza hewa, na anayefungua mlango wa kabati kila mara ataiona rangi hiyo ikigeuka mbele ya macho yake.

Yapo pia mambo yasiyoandikwa katika orodha ya dawa. Mipira iliyomo katika baadhi ya mabomba ya sindano huacha sumu, na poda ya glavu vilevile. Rangi mpya ya ukutani, petroli, na harufu nzito huyeyuka katika mafuta na kuingia majini. Kwa hiyo mtumishi wa chumba hicho haji kazini na marashi, wala hafukizi nguo zake udi siku ya kazi. Wageni huliona jambo hili kuwa ni ukali usio na maana, na pengine huchukizwa nalo, lakini ndivyo ilivyo.

Kuhusu seramu, yaani maji ya damu ya ndama, ambayo zamani ilitiwa kwa wingi, maabara nyingi sasa zimeipunguza au kuiacha katika ulezi. Ilionekana kwamba viinitete vilivyolelewa katika seramu nyingi vilizaa baadhi ya ndama wakubwa kupita kiasi, wakawatesa mama zao wakati wa kuzaa. Seramu, sawa na albumini, yaweza pia kubeba virusi vya ng'ombe, na kisiwa kinachojilinda dhidi ya maradhi ya mifugo hakina budi kuhoji ilikotoka.

Gharama ya kosa

Maji mabaya hayana rangi wala harufu. Kiinitete hugawika vizuri siku ya pili na ya tatu, kwani huwa bado kinakula akiba ya yai, kisha husimama. Habari hujulikana siku ya saba chini ya hadubini. Hata maabara iliyo imara hupata viinitete vilivyofikia hatua ya kupandikizwa kwa mayai 30 hadi 40 katika kila 100. Yakishuka hadi 5, mayai yameshakwenda, na lawama huwa zimeshamwangukia dume au ng'ombe aliyetoa mayai. Njia ya kuepuka dhuluma hiyo ni daftari. Kila chupa ya dawa iandikwe nambari yake ya kiwandani, tarehe ya kufunguliwa na jina la aliyeipima, na kila maji mapya yajaribiwe sambamba na ya zamani kwa mayai yaliyotolewa machinjioni, kabla ya kukabidhiwa mayai ya ng'ombe wa thamani.

Umeme unahitaji neno moja. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kabati la joto huhimili dakika chache tu, na jokofu saa chache. Kwa hiyo jenereta yenye kuwaka yenyewe haihesabiwi kuwa ni anasa katika bajeti ya chumba hiki, na maji yaliyopata joto wakati umeme ulipokatika huandikwa daftarini na kumwagwa.

Watumishi wa bandari, wa uwanja wa ndege na wa ghala wanaombwa kutambua kwamba maboksi yaliyoandikwa nyuzi 2 hadi 8 hayasubiri siku ya pili juani. Hati ya kutolea mzigo itayarishwe kabla haujafika, na mwenye kuupokea atie saini pamoja na kuandika saa na kipimo cha joto kilichoonekana ndani ya boksi lilipofunguliwa.