Bustani ya Sanaa Katika Nchi ya Chuma

Katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Belo Horizonte, iko bustani ya sanaa iitwayo Inhotim. Mwanzilishi wake, Bernardo Paz, alipata utajiri wake katika madini ya chuma, na bustani ikafunguliwa kwa umma mwaka 2006.

Mgeni mwenye siku moja hawezi kuona yote. Ni hekta zipatazo 140 za minazi, michikichi na miti ya kivuli, pamoja na maziwa yaliyochimbwa kwa mikono ya watu. Kazi za sanaa za siku hizi zimewekwa wazi juani na mvuani, na nyingine zimejengewa nyumba zao wenyewe. Ni safari ya miguu, jambo ambalo askari hatalilalamikia.

Juu ya kilima kimoja zimechomeka ardhini boriti 71 za chuma, zimeinama huku na huku kama mikuki iliyoachwa na jeshi lililokimbia. Mwaka 2008 Mmarekani Chris Burden aliziinua moja moja kwa winchi hadi meta 45, akaziachia zianguke katika zege bichi. Kazi hiyo haihitaji mfasiri: chuma kizito kikiachiwa hakina wa kukizuia.

Kwingineko kuna banda la mviringo la vioo, kazi ya Doug Aitken ya mwaka 2009. Katikati ya sakafu limechimbwa shimo lenye kina cha meta zipatazo 200, na ndani yake vimeteremshwa vinasa sauti. Wageni huketi kimya wakisikiliza ngurumo ya ardhi.

Ardhi ya wilaya hiyo hiyo, Brumadinho, ilinguruma kwa namna nyingine siku ya Ijumaa, tarehe 25 Januari, 2019. Saa 6 na dakika 28 mchana, bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma wa kampuni ya Vale lilibomoka. Matope yapatayo meta za ujazo milioni 12 yalifunika ofisi za mgodi na bwalo la chakula, wakati wa chakula cha mchana. Watu 270 walikufa. Matope hayakuifikia Inhotim, lakini wageni waliondolewa siku hiyo, na wafanyakazi wengi wa bustani, wenyeji wa Brumadinho, walifiwa na jamaa na marafiki. Bustani ilifunguliwa tena tarehe 9 Februari.

Ndugu askari watapenda kujua ni nani walioingia matopeni. Kikosi cha Zimamoto cha Minas Gerais ni kikosi cha kijeshi, chenye vyeo na nidhamu ya jeshi. Siku za mwanzo matope yalikuwa laini mno kukanyagika, hata askari wakatambaa kwa matumbo, wenzao wakiteremshwa kwa helikopta. Baadaye zikaletwa mashine za kuchimbia. Upekuzi uliendelea kwa miaka, si kwa majuma. Kwa sehemu kubwa ya muda huo hapakuwa na wa kuokolewa tena. Walikuwapo wa kurudishwa kwa ndugu zao wakazikwe.

Tangu Januari 2025 uko ukumbusho mahali pa maafa, Córrego do Feijão, uliosanifiwa na Gustavo Penna. Imepandwa miti 272 ya ipê yenye maua ya manjano, kwa kuwa wenyeji huhesabu pia watoto wawili waliokuwa tumboni mwa mama zao. Mgeni aanze na bustani asubuhi, jua lingali pole, ndipo aende huko.