Akiba ya Siku ya Dhiki: Jinsi Mwenye Nyumba Awezavyo Kuiweka na Kuilinda

Hapana nyumba isiyopatwa na gharama isiyotazamiwa. Mtoto huamka usiku mwili ukiwaka moto. Upepo wa masika hung'oa mabati ya jiko. Ng'ombe wa maziwa hulala asubuhi asiweze kuinuka. Habari ya msiba huja kutoka kwa wakwe walio mbali. Mambo haya hayaulizi kama ni mwisho wa mwezi au katikati yake, wala hayangoji kahawa ilipwe. Tofauti baina ya nyumba moja na nyingine si kwamba moja hupatwa na nyingine husalimika, bali ni kwamba moja ina kitu cha kushika na nyingine haina.

Nyumba isiyo na kitu hulazimika kufanya moja katika mambo matatu: kuuza, kukopa au kuomba. Mwenye shida auzapo, huuza kwa bei ya mnunuzi. Mtamba ambaye angezaa baada ya miezi mitatu huchukuliwa na mchuuzi jioni ile ile, na deni la hospitali likiisha, maziwa ya miaka mingi yamekwenda pamoja nalo. Mwingine hukodisha kipande cha shamba kwa misimu miwili ili alipe deni la wiki mbili, kisha huwatazama wengine wakivuna mbele ya mlango wake. Kuomba nako kuna mpaka. Majirani husaidiana kwa moyo wakati wa mazishi na maradhi makubwa, na desturi hiyo ni njema sana. Lakini jirani achangishwaye kila mwezi kwa ajili ya mabati na nauli huchoka, na siku ya jambo kubwa mkono wake huwa mzito.

Dawa ya hayo ni akiba iliyotengwa kwa dhiki peke yake.

YATAZAMIWAYO NA YASIYOTAZAMIWA

Jambo la kwanza ni kutenga gharama zisizojulikana na zile zilizosahauliwa tu. Karo ya shule si dharura. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari kila mwaka, na mzazi amejua tangu mtoto alipozaliwa kwamba siku hiyo itafika. Hali kadhalika mbegu na mbolea kabla ya mvua za Machi, sare za shule, na sikukuu ya Krismasi. Mtu ambaye kila Januari hushtuka kana kwamba ameshambuliwa na nyuki hana bahati mbaya, hana daftari.

Basi gharama zijulikanazo na ziandikwe kwa mwezi wake, zigawanywe kwa miezi iliyobaki, na zitafutiwe fungu lake. Akiba ya dhiki isiguswe kwa ajili yake. Mfuko mmoja ukilipa karo na ugonjwa pia, karo itaumaliza kila mara, na ugonjwa utaukuta mtupu.

Yapo pia mabaya yawezayo kuzuiwa kwa fedha kidogo. Ndigana kali huenezwa na kupe, na kuogesha ng'ombe kwa dawa kila wakati upasao ni rahisi kuliko kununua ng'ombe mwingine. Msumari mmoja katika bati lililolegea hugharimu kidogo kuliko bati lenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye kuziba ufa amekwisha kuweka akiba ingawa hana kitabu cha benki.

Kadhalika bima ya afya. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondolewa, na tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikachukua mahali pake. Kwa mpango huo mpya mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mchango wa chini uliwekwa kuwa Sh. 300 kwa mwezi. Aliye na bima amepunguza mzigo mkubwa, lakini hajaumaliza. Bima hailipi nauli ya usiku, wala chakula cha mwenye kumwuguza mgonjwa, wala siku za kibarua zilizopotea.

KIASI GANI KINATOSHA?

Wengi hukata tamaa kwa sababu huambiwa waweke matumizi ya miezi mitatu au sita, nao wakitazama mfuko wao huona mlima. Yafaa kuupanda mlima huo kwa vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni fedha za usiku mmoja: nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali, malipo ya kwanza na dawa. Kila mtu ajua kiasi hicho katika mahali pake. Nyumba iliyofika hapa imekwisha kuondoka katika hatari mbaya kuliko zote, yaani kuchelewa kwa kukosa nauli.

Kituo cha pili ni matumizi ya mwezi mmoja. Kituo cha tatu hutegemea kazi ya mtu. Karani ambaye mshahara wake huja kila mwezi aweza kutosheka na miezi mitatu. Mkulima ambaye fedha zake huja mara moja au mbili kwa mwaka hana budi kutazama mbele zaidi, mpaka mavuno yajayo, kwa kuwa mvua ikikosekana hakuna mwajiri atakayemlipa.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Chukua mfano wa karani apokeaye Sh. 24,000 baada ya makato yote. Akaamua kutenga Sh. 1,000 kila mwezi, akianza Februari baada ya karo kulipwa. Mwisho wa Aprili anazo Sh. 3,000. Upepo ukang'oa mabati, akatoa Sh. 1,800, zikabaki Sh. 1,200. Mwisho wa Julai zimefika Sh. 4,200, ukatokea msiba, akatoa Sh. 1,500 za safari na mchango, zikabaki Sh. 2,700. Mwisho wa Desemba anazo Sh. 7,700.

Asiyefahamu atasema, "Ameweka Sh. 11,000 akabaki na Sh. 7,700, mfuko umevuja." La, haukuvuja. Mfuko umefanya kazi mara mbili, na kila mara mwenyewe hakuuza kitu, wala hakukopa, wala mtoto hakulala njaa. Akiba ya dhiki si sanamu ya kutazamwa. Huwekwa ili itumike, na ikitumika hujazwa tena. Kosa si kutoa; kosa ni kutoa kisha kuacha kuweka kwa kusema, "Haina faida, kila mara yaliwa."

Siri ya karani huyu ni kwamba hutenga siku ile ile ya mshahara, kabla ya duka na kabla ya rafiki. Angengoja kutenga kitakachobaki, hakingebaki kitu. Lakini yuko karani mwingine ambaye hana hata shilingi ya kutenga, kwa maana mikopo imekwisha kuula mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara wa mtu. Aliyefika kwenye mpaka huo asichukue mkopo mwingine. Amalize mmoja kwanza, na fedha zilizokuwa zikikatwa aziweke akiba tangu mwezi ule ule, kabla hajazoea kuzitumia.

MKULIMA NA GUNIA LAKE

Kwa mkulima wa mahindi, hasara kubwa hutokea kati ya mavuno na Januari. Wakati huo kila mtu anauza, na bei huwa chini. Miezi sita baadaye yeye yule huenda sokoni kununua kwa gorogoro mahindi kama yale aliyoyauza kwa gunia. Ikiwa aliuza gunia kwa Sh. 3,000 na akanunua kwa Sh. 4,500, basi magunia matano yamempotezea Sh. 7,500. Bei hizo ni za mfano tu, na hubadilika mwaka hata mwaka. Lakini kila mkulima aweza kuweka bei za soko lake mwenyewe na kuiona hasara yake.

Kwa hiyo akiba ya mkulima yaweza kuanza ghalani. Na atenge gunia moja au mawili ambayo hayatauzwa mpaka bei ipande au dhiki ije. Waswahili husema akiba haiozi, lakini mahindi huoza. Sharti yakaushwe vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, yawekwe juu ya mbao mbali na ukuta, au katika mifuko isiyopitisha hewa ambamo dumuzi hufa kwa kukosa pumzi. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota kuvu wenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake.

Mwenye maziwa au majani ya chai, alipwaye kila mwezi, afuate njia ya karani. Na mwenye kahawa, alipwapo fedha nyingi kwa mara moja, atoe fungu la dhiki siku hiyo hiyo kabla hajafika nyumbani.

PAHALI PA KUWEKA

Pahali pa akiba hii pawe na sifa mbili: fedha zipatikane upesi siku ya haja, lakini zisiwe karibu na mkono siku isiyo ya haja. Chini ya godoro ni karibu mno. Moto, mwizi na tamaa vyote hufika hapo.

Benki ya Akiba ya Posta ilianzishwa Kenya mwaka 1910, na kwa miaka mingi kitabu chake kilikuwa akiba ya kwanza ya makarani na waalimu wengi. Katika benki za biashara zilizo na leseni, amana za mteja hukingwa na shirika la serikali benki ikianguka, na tangu mwaka 2020 kinga hiyo imefika Sh. 500,000.

Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo ni vyema sana, lakini msomaji na afahamu jambo moja. Kwa kawaida amana za mwanachama, zile zitumikazo kupimia mkopo wake, hazitolewi mpaka ajiuzulu chama, na hata hapo kuna muda wa kungoja. Hizo ni akiba za kujengea nyumba, si za usiku wa maradhi. Chama kikiwa na akaunti ya kutoa na kuweka, fungu la dhiki na liwekwe humo. Vivyo hivyo vikundi vya mzunguko: zamu ya mtu hufika kwa kura, na maradhi hayafuati kura. Kikundi chenye busara hutenga mfuko mdogo wa dharura kando ya mzunguko.

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu nayo imekuwa mkoba. Ni njia nyepesi, na wepesi wake ndio hatari yake, kwa kuwa fedha zilizo mkononi hutumika. Afadhali zihamishwe katika akaunti ya akiba yenye kufungwa kwa muda, isipokuwa zile za kituo cha kwanza.

MKOPO WA SIMU

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mikopo ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa Sh. 2,000 alirudisha Sh. 2,150. Kwa mara moja, na kwa jambo la lazima, Sh. 150 si nyingi. Lakini mtu alipaye leo na kukopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi, atakuwa ametoa ada ya Sh. 1,800 kwa mwaka, naye angali na deni la Sh. 2,000 zile zile. Angeziweka hizo Sh. 150 kila mwezi, karibu angekuwa na mkopo wake mwenyewe usio na ada. Wakopeshaji wengine wa simu walitoza zaidi na kuwaaibisha wadaiwa kwa jamaa zao, hata sheria ikatungwa mwaka 2021 ya kuwaweka chini ya leseni ya Benki Kuu. Mwenye kukopa na ahakikishe kwanza kwamba amkopeshaye ana leseni hiyo.

NANI ASHIKE UFUNGUO?

Akiba nyingi hazivunjwi na maradhi, bali na kutoelewana. Mume huweka, mke hajui. Au mke huweka, na mume akigundua huona kwamba amefichwa. Yafaa wote wawili waketi, waandike katika daftari ni mambo gani yaitwayo dhiki, na kwamba hakuna atoaye bila mwenziwe kujua. Mjane au asiye na mwenzi amchague dada au ndugu mwaminifu wa kumwuliza kabla ya kutoa, kwa maana mtu peke yake hujidanganya upesi.

Halafu kuna jamaa. Mjomba akija na shida ya kweli, hapana Mwafrika awezaye kumfungia mlango, wala haifai. Lakini fungu la jamaa na litengwe mbali, hata likiwa Sh. 200 kwa mwezi, na mjomba ajibiwe kwa heshima kwa kadiri ya fungu hilo. Mwenye kutoa akiba yote ya watoto wake ili asionekane mchoyo, mwezi ujao yeye ndiye atakayekuwa mwombaji, na ukoo utakuwa na wenye shida wawili badala ya mmoja.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini bandu bandu huisha gogo. Methali hizi mbili huelezea mfuko ule ule mmoja, na mkono wa mwenyewe ndio uamuao. Asiye na Sh. 1,000 na aanze na Sh. 100, asiye na 100 na aanze na 20, mradi aanze siku ya malipo yajayo na kuandika katika daftari. Siku ya dhiki haitamwuliza kama alianza na nyingi. Itamwuliza tu kama alianza.