KAMERA NI AMANA
Majira ya Joto ya Mama Mpiga Picha

Katika nchi za kaskazini majira ya joto ni mafupi, na watu huyangojea kama wakulima wa kwetu wanavyoingojea masika. Skuli za Uingereza hufungwa mwishoni mwa Julai kwa muda wa majuma kama sita. Siku hizo jua la London huchwa karibu na saa tatu za usiku, na watoto huona ajabu kuambiwa wakalale hali ya kuwa mwanga ungali dirishani. Mtume wetu (Rehema na Amani zimshukie) ametutahadharisha kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo. Basi mama wa Kiislamu aishiye huko huwa na suala moja mbele yake: majuma haya sita yatapita yakiwa na nini ndani yake?

Mimi ni mzaliwa wa Unguja na mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni kupiga picha katika majlisi za wanawake. Majira ya joto ndiyo msimu wa arusi, kwa hivyo ndio wakati wangu wa kazi nyingi. Safari hii mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 84, alikuja kutuzuru, na nyumba ikajaa wageni. Nayaandika haya kwa sababu masomo ya watoto, ziara ya Bibi yao, na arusi za marafiki, yote yalirejea kwenye jambo moja linalozihusu nyumba zetu zote leo, maadamu kila mkono una simu yenye kamera: nalo ni kwamba picha ya mtu ni amana.

MANENO YA WANAZUONI

Yajulikana kuwa wanazuoni wamekhitalifiana juu ya picha za kamera. Wako waliozikataza, wakizitia katika hukumu ya kuchora na kuchonga sanamu. Wako walioziruhusu, na miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka wa 1914 hata 1920. Yeye alisema kwamba kamera haiumbi sura mpya, bali hukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa na Mwenyezi Mungu. Mwenye kuifuata kauli ya kukataza, na aheshimiwe. Lakini hata aliyeifuata kauli ya ruhusa hakupewa ruhusa ya kila picha. Mwenyezi Mungu, katika Surat Nnur, ametuamrisha tusiingie nyumba za watu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu waliomo. Na kamera ni mlango wa kuingilia nyumba za watu.

ELIMU YA NURU

Katika juma la kwanza watoto walisoma juzuu zao asubuhi, na baada ya adhuhuri tukafanya darasa la nuru. Tuliziba dirisha la chumba kwa kitambaa cheusi, tukaacha tundu dogo lisilozidi upana wa penseli. Watoto wakastarehe kuiona nyumba ya jirani ikitokea ukutani, paa chini na mlango juu! Sababu yake si ngumu. Nuru huenda moja kwa moja. Itokayo juu ya paa hupita tunduni ikashukia chini ya ukuta, na itokayo chini hupanda juu.

Hapo nikawaeleza habari za Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka wa 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka wa 1040. Kabla yake wako wataalamu wakubwa walioamini kwamba jicho ndilo litoalo miali na kuvigusa vitu. Yeye, katika kitabu chake kiitwacho Kitab al-Manadhir, alibainisha kuwa nuru hutoka kwenye vitu ikaja jichoni. Alizipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, zikatokea alama za nuru kwa idadi ya taa. Kila alipoiziba taa moja, alama yake peke yake ilitoweka. Hivyo akajua kwamba nuru hizo, ingawa zote zimepita tundu moja, hazikuchanganyika. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka wa 1572 kikapigwa chapa katika mji wa Basel, na wataalamu wa Ulaya wakakitegemea.

Binti yangu mkubwa, mwenye miaka 16, aliuliza, "Mama, mbona skuli hatukuambiwa?" Nikamjibu kuwa elimu isiyotajwa na wenyewe haitatajwa na wengine.

SAFARI MBILI

Juma la pili tulikwenda Lacock, kijiji cha Wiltshire, magharibi ya London. Huko ndiko alikokaa William Henry Fox Talbot, ambaye katika Agosti ya mwaka wa 1835 alilipiga picha dirisha la nyumba yake kwa kisanduku kidogo cha mbao. Karatasi ile ingalipo mpaka leo, na ukubwa wake haupiti sana ule wa stempu ya barua. Ni negativu, yaani picha ambayo palipo na nuru huwa peusi na palipo na kivuli huwa peupe. Nayo ndiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Watoto walisimama mbele ya dirisha lenyewe, wakastaajabu kuwa mambo yote yaliyomo katika simu zao yana asili katika mahali palipo kimya namna ile.

Safari ya pili ilikuwa Woking, mwendo mfupi wa treni kutoka London. Msikiti wake ulijengwa mwaka wa 1889, na fedha nyingi za ujenzi zilitoka kwa Shah Jahan Begum, mwanamke aliyetawala nchi ya Bhopal huko Bara Hindi. Karibu na hapo, katika makaburi ya Brookwood, wamezikwa Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, wafasiri wawili wa Kurani kwa Kiingereza. Tuliwasomea Fatiha. Mwanangu wa miaka 13 alitaka kuwapiga picha watu waliokuwa wakimzuru maiti wao upande wa pili. Nikamwambia, "Wale wamekuja kulia, hawakuja kutazamwa." Akairejesha simu mfukoni.

BAHASHA YA BIBI

Kazi iliyo kubwa kuliko zote ilifanyika sebuleni petu. Mama yangu alikuja na bahasha ya picha 61, nyingi zao za miaka ya 1950. Baadhi zilikuwa na mhuri wa Capital Art Studio, duka la picha la Mji Mkongwe lililoanzishwa mwaka wa 1930 na Ranchhod Oza. Nyingine zilipigwa majumbani na jamaa wenye kamera ndogo. Jambo la kusikitisha ni kwamba nyuma ya picha hizo hapakuandikwa jina hata moja. Wakati ule hapakuwa na haja, kwa kuwa kila mtu alimjua kila mtu. Leo anayewajua watu wale ni mzee mmoja ambaye macho yake yanapungua nuru mwaka hata mwaka.

Basi kila jioni, baina ya alasiri na magharibi, watoto waliketi na Bibi yao karibu na dirisha. Mmoja aliishika picha, wa pili aliandika, na mdogo alimshikia Bibi miwani ya kukuzia. Nyuso nyingine alizijua papo hapo. Nyingine alizijua kwa kanzu, au kwa kiti cha studio, au kwa kukumbuka kuwa ilikuwa sikukuu ya Idi na mvua ilinyesha. Watoto walipata nasaba, majina ya mitaa, na Kiswahili ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakisikia kwa miaka mingi. Walipata pia kujua kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ukoo wetu ulitawanyika, wengine Bara, wengine Oman, wengine Ulaya, na kwamba katika kutawanyika huko picha nyingi zilipotea.

Siku moja ilitokea picha ya mwanamke kijana, kichwa wazi, amesuka nywele na kuvaa maua ya asumini. Mwanangu akasema, "Bibi, huyu mzuri mno. Niwapelekee binamu zetu walioko Muscat?"

Bibi akaichukua ile picha. "Huyu ni shangazi yangu. Picha hii aliipiga kaka yake, ndani ya nyumba, ili apelekewe mume wake aliyekuwa baharini. Hakupigwa kwa ajili yako, mjukuu wangu, wala kwa ajili yangu. Na sasa keshakufa. Huwezi kumwomba ruhusa."

"Basi tuichane, Bibi?"

"La. Tuifunike."

Akaitia katika bahasha ya peke yake. Tangu siku ile tukawa na mafungu mawili: picha za kuonyeshwa jamaa, na picha za kuhifadhiwa sandukuni. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kusikia kanuni ya upigaji picha iliyo fupi na bora kuliko ile.

Ilipofika katikati ya Agosti picha 44 zilikuwa na majina. Rafiki ya Bibi wa utotoni, aishiye Portsmouth, alikuja kushinda nasi siku moja. Walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi, na baada ya kulia na kucheka waliketi juu ya picha zilizobaki. Yeye akazitambua 5. Zilizosalia 12 hazina majina mpaka leo, na huenda hapana tena duniani awajuaye watu wale. Mwenyezi Mungu anawajua.

USIKU WA KUPAMBA

Ama arusi, nilihudhuria saba. Usiku wa kupamba bibi arusi, wanawake huvua mabuibui yao wakijua kuwa wamo miongoni mwao tu. Siku hizi wenye arusi wenye busara huweka kikapu mlangoni, kila anayeingia akatia simu yake; ukumbi mzima hubaki na kamera moja, nayo ni ya mpiga picha aliyeaminiwa. Desturi yangu ni kuwa picha zote hukabidhiwa bibi arusi mwenyewe, mkononi, wala sibakishi nakala ila kwa idhini yake.

Baada ya arusi moja, jamaa wa bwana arusi alinipigia simu akitaka apelekewe picha zote. Alisema kuwa wao sasa ni ukoo mmoja, na kwamba yeye alichangia gharama. Nikamwambia kwa adabu, "Picha ni za bibi arusi, kaka yangu. Mwombe yeye." Akakasirika, na kazi ya arusi ya binti yake aliyokuwa ameniahidi ikanipita. Ilikuwa hasara ya kweli kwangu katika mwezi wa kununua sare na vitabu vya skuli. Lakini katika Surat Nnisaa tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na amri hiyo haikutenga miezi ya dhiki.

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA

Kwanza, msimpige mtu picha bila ya idhini yake, hata akiwa mtoto wenu mkubwa. Na idhini ya kupiga si idhini ya kueneza. Picha ikishatoka katika simu yako, huna tena uwezo wa kuirejesha.

Pili, wakalisheni wazee pamoja na picha zao kabla hazijawa bubu. Andikeni jina, mahali na mwaka, nyuma ya picha, kwa penseli laini na mkono mwepesi, kwa kuwa kalamu ya wino hupenya au huacha alama upande wa mbele. Zihifadhini mbali na jua na unyevu, wala msizibandike kwa gundi. Fanyeni nakala, mkaziweke mahali pawili.

Tatu, tengeni mafungu mawili, kama alivyofanya Bibi: ya kuonyesha na ya kusitiri. Kijana akijifunza kutenga mafungu hayo nyumbani, atajua pia la kufanya na simu yake akiwa mbali na macho ya wazazi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wale tuwajuao majina na wale tusiowajua, na atujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zetu. Amin.