Simama, Kaa, Lala: Yoga na Kiswahili cha Utulivu Mjini Kampala

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wasilitarajie katika jarida la walimu wa lugha, nalo ni yoga. Hatukusudii kumfanya mtu yeyote kuwa bingwa wa kujikunja. Tunataka kuonyesha jinsi mazoezi haya, yanayomtaka mtu apunguze mwendo na awepo pale alipo, yanavyoweza kumsaidia mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala kukabiliana na kizuizi ambacho vitabu vya sarufi havikitaji. Kizuizi hicho ni hofu.

Kila anayefundisha Kiswahili nchini Uganda anaijua historia inayoingia darasani pamoja naye. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles, na baada ya uhuru kikaendelea kuishi kambini. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Katika miaka ya 1970 na 1980 wananchi wengi wa mji huu walikisikia hasa kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Msamiati wenyewe ulikuwa mfupi. Simama. Inua mikono. Kaa chini. Lala.

Ni kweli kwamba marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi. Lakini sheria haiwezi kulegeza mabega ya mwanafunzi ambaye nyumbani kwao ameambiwa kwamba hiyo ni lugha ya askari na wezi. Mwanafunzi wa namna hiyo hubana pumzi kabla hajafungua mdomo, na sentensi yake hukatika katikati kwa kukosa hewa, hata kama ngeli zote anazijua.

Sasa tumsikilize mwalimu wa yoga akifundisha kwa Kiswahili. Simama. Inua mikono. Kaa chini. Lala. Vitenzi ni vilevile, tena katika hali ileile ya kuamuru! Kilichobadilika ni mwendo wa sauti na kile kinachofuata: vuta pumzi, toa pumzi, pumzika. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulileta zoezi hili darasani, kwamba linayarudia maneno yaliyotisha na kuyapa kazi nyingine.

Neno yoga limetokana na mzizi wa Kisanskriti yuj, wenye maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyounganishwa kwa nira. Ndani ya elimu hiyo ya Kihindi ya kale, asana ni mkao wa mwili na pranayama ni kuiongoza pumzi. Umoja wa Mataifa uliamua tarehe 11 Desemba 2014 kuwa 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na kuanzia mwaka 2015 siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa Kampala pia. Kwa jirani zetu wa Nairobi, Africa Yoga Project imewafunza vijana kuwa walimu wa yoga. Wapo wanaouliza kama hii si dini ya watu wengine. Swali hilo ni la haki na lisikejeliwe. Mwalimu asitumie nyimbo wala maneno ya ibada, na mwanafunzi asiyelitaka jina la yoga aite mazoezi ya pumzi.

Kuhusu pumzi yenyewe, Kiswahili kina utajiri wake. Pumua, pumzi na pumzika ni ukoo mmoja: kwetu sisi kupumzika ni kuirudia pumzi. Hata wanaisimu, walipotafuta istilahi ya ile hewa inayosindikiza sauti ya kwanza ya paa (yule mnyama) katika matamshi ya pwani, waliita mpumuo. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda wana ndugu wa neno hili bila kujua. Kupumzika kwao ni okuwummula, na ile w ndiyo p yetu, kama vile kupa ni okuwa, kupona ni okuwona na kupoa ni okuwola. Ikitanguliwa na king'ong'o, p hujitokeza tena: mpa, yaani nipe, Mpumudde, kilima cha Jinja alikofariki Omukama Kabalega mwaka 1923 akirejea kutoka uhamishoni Shelisheli, jina ambalo maana yake ni nimepumzika. Anayemwambia dereva wa boda boda "mpola mpola, ssebo" hayuko mbali na polepole yetu. Mwanafunzi akiyaona haya, Kiswahili huacha kuwa mgeni mwenye buti.

Zoezi halihitaji mkeka wala mavazi maalumu, dakika tano mwanzoni mwa kipindi zinatosha. Simameni wima, nyayo zote mbili sakafuni. Legezeni mabega. Vuteni pumzi kwa hesabu ya nne, itoeni kwa hesabu ya sita. Hesabu hizo zina sababu: moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi na kuipunguza tunapoitoa, hivyo pumzi ndefu ya kutoka huutuliza mwili. Ndiyo pia pumzi tunayosemea. Baada ya juma moja, mwalimu ahame kutoka simameni hadi tusimame, kutoka vuteni hadi tuvute, na wanafunzi watakuwa wamejifunza dhamiri tegemezi kwa viungo vyao kabla hawajaisoma ubaoni. Mwanasaikolojia Mmarekani James Asher alitetea ufundishaji wa aina hii tangu miaka ya 1960: mwanafunzi husikia agizo, hulitekeleza kwa mwili, wala halazimishwi kusema mpaka awe tayari.

Katikati ya utulivu huo mwalimu aulize, "Upo?" Kampala tumezoea niko kwa kila jambo, lakini hapa jibu ni nipo. Kiambishi -ko huacha mahali pakiwa hapajulikani vizuri, -mo huingiza ndani, na -po hutaja mahali mahsusi: hapa, sasa. Aliyekaa kwenye kiti huku akiwaza foleni ya magari ya Wandegeya yuko. Aliyesikia pumzi yake ikitoka yupo. Tumetafuta sana neno la Kiswahili kwa kile ambacho walimu wa yoga hukihimiza, na tunaona kuwapo linatosha.

Tahadhari moja inahusu lala. Yoga humalizika kwa kulala chali katika mkao ambao kwa Kisanskriti huitwa wa maiti. Jina hilo lisitamkwe darasani, na pale ambapo wapo wanafunzi wa makamo, waliokuwa watoto au vijana katika miaka ile, agizo la kulala chini na kufumba macho lisitolewe kabisa. Wabaki vitini, migongo imeegemea, mikono mapajani, macho wazi kwa atakaye, na mwalimu naye aketi.