Panya wa maabara si mzee wa Koboko

Swali huvaa nguo tofauti, lakini ni lile lile. Kijana amesoma kwenye simu kwamba wanasayansi wa India wamezuia mtoto wa jicho kwa majani ya mlonge. Babu yake hatambui tena nani kaingia mlangoni, na mlonge upo pale pale uani. Basi anamfuata mhudumu wa macho, Arua mjini au Koboko karibu na mpaka, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kuuliza: majani mangapi, yachemshwe au yakamuliwe, matone mangapi kwa siku?

Hakuna. Hakuna jani, mzizi wala asali inayoirudishia lenzi uangavu wake ikishafunga ukungu. Jibu hili limetolewa mara nyingi mno, na bado chupa ndogo za maji ya kijani zinafika kliniki mifukoni mwa wagonjwa. Sababu ni kwamba habari ya simuni si uongo. Utafiti ulifanyika kweli. Kinachopotea ni maelezo ya jinsi ulivyofanyika.

Mwaka 2010 watafiti wa Kerala, India, walichapisha matokeo ya kupima flavonoidi zilizotolewa katika majani ya mlonge. Hawakutafuta panya wazee waliokwisha kupofuka. Walichukua panya wachanga wenye macho mazima, wakawapa sumu. Sumu hiyo ni selenaiti ya sodiamu, na njia yenyewe ni ya zamani: iligunduliwa Prague mwaka 1978, na tangu hapo imetumika kupimia manjano, chai ya kijani, vitunguu na mimea mingine mingi. Kitoto cha panya cha siku 10 hivi, ambacho hata macho hakijafumbua, hudungwa sindano moja chini ya ngozi. Baada ya siku 4 hadi 6, katikati ya lenzi huwa pameingia weupe. Dawa ya mmea inayopimwa hutangulia sumu au hutolewa siku ile ile, mara nyingi kwa sindano ya tumboni. Macho yanapofumbuka, watafiti huhesabu ni lenzi ngapi zimebaki safi.

Hesabu hiyo isomwe kwa makini. Dawa haikusafisha lenzi chafu hata moja. Ilikinga lenzi safi isidhuriwe na sumu iliyojulikana ni ipi na inaingia saa ngapi. Mzee wa Koboko hakudungwa selenaiti jana. Lenzi yake imekula jua la shambani, moshi wa tumbaku, pengine na sukari ya damu isiyodhibitiwa, kwa miaka 60. Hakuna aliyempa mlonge siku moja kabla.

Kuna jambo jingine ambalo vichwa vya habari havilitaji. Panya akishapita umri wa kunyonya, kipimo kile kile cha selenaiti hakimletei tena mtoto wa jicho. Sumu hiyo huvuruga kalisi ndani ya lenzi na kuamsha vimeng'enya viitwavyo kalpaini, ambavyo hukatakata protini. Katika lenzi ya panya mchanga vimeng'enya hivyo vina nguvu kubwa. Katika lenzi ya binadamu havina nguvu hiyo. Ikiwa matokeo hayavuki kutoka kwa kitoto cha panya hadi kwa mama yake, yatavukaje hadi kwa mzee wa Koboko?

Njia ya pili ya maabara, ya kumlisha panya sukari ya galaktosi, ina kasoro ya namna hiyo. Lenzi ya panya ina wingi wa kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa alkoholi ya sukari inayovuta maji hadi lenzi ivimbe; lenzi ya binadamu inacho kidogo. Dawa zilizotengenezwa kukizuia ziliwaokoa panya vizuri sana. Hakuna hata moja iliyofika kuwa dawa ya mtoto wa jicho kwa watu.

Kwa binadamu wenyewe, wazo la kukinga lenzi kwa vizuia-oksidishaji kama flavonoidi za mlonge, ambalo ndilo hoja kuu ya mimea hii, limepimwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 uliwashirikisha watu zaidi ya 4,000, baadhi yao wakapewa vitamini C, vitamini E na beta-karotini kwa vipimo vya juu, ukawafuatilia wote zaidi ya miaka 6. Mtoto wa jicho hakupungua. Mwaka 2015 kemikali iitwayo lanosteroli ilitangazwa kuwa imepunguza ukungu katika macho ya mbwa. Mwaka huo huo watafiti wa India walitumbukiza ndani yake lenzi zilizotolewa kwa wagonjwa, na ukungu ukabaki vile vile. Protini za lenzi zikishagandamana, hali yake ni ya yai la kuchemsha linalouzwa kituo cha basi cha Arua. Halirudi kuwa bichi.

Lakini jirani alipona! Ushuhuda huu husemwa kwa nia njema, na una maelezo. Mimea kama mnanaha ina kemikali za jamii ya atropini, zinazopanua mboni. Mwenye ukungu katikati tu ya lenzi, mboni ikipanuka, huona kwa kupitia pembeni kwa muda, kisha dawa huisha nguvu. Tena, lenzi inapokuwa nzito na ya rangi ya kahawia huongeza nguvu ya kukunja mwanga, hivyo mzee aliyehitaji miwani hushangaa anasoma bila miwani. Familia husifu majani. Kilichotokea ni ugonjwa kusonga mbele, na miezi baadaye hata kusoma huko hukoma.

Madhara yenyewe hayako kwenye lenzi. Maji ya majani hayaifikii ndani. Yanaishia kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, pamoja na vijidudu na mchanga wa pale yaliposagwa. Mbarara, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 313 wenye maambukizi ya konea, 188 walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni, na walifika wakiwa na uoni mbaya zaidi kuliko wenzao. Kovu la konea haliondoki kwa upasuaji wa lenzi. Mtu aliyekuwa na upofu unaotibika kwa dakika 20 anajitengenezea upofu ambao daktari wa Arua hana la kuufanyia.

Sasa yanayofaa, kwa haraka. Weupe ndani ya mboni, uoni unaofifia polepole bila maumivu: kliniki ya macho, Hospitali ya Rufaa ya Arua au kambi ya upasuaji inapofika wilayani. Usisubiri "mtoto akomae". Hiyo ni hadithi ya zamani. Ukungu ukiwa mdogo, miwani inaweza kutosha kwa muda. Upasuaji hufanywa kwa ganzi ya jicho tu, lenzi ya bandia huwekwa, na wengi hulala nyumbani kwao. Mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe apelekwe juma hilo hilo. Jicho jekundu lenye maumivu ni dharura nyingine. Presha ya macho na upofu wa mtoni, unaoenezwa na nzi weusi wa mitoni, si mtoto wa jicho. Kila kimoja kina tiba yake. Mwenye kisukari apime sukari. Tumbaku iachwe, kofia ivaliwe shambani. Matone yenye steroidi, yanayonunuliwa dukani bila cheti, huleta mtoto wa jicho na presha ya macho. Yasitumiwe bila daktari.

Na aliyekwisha kutia majani asiifiche chupa kwa kuogopa kufokewa. Aende nayo kliniki, aseme ni mmea gani na lini mara ya mwisho, kwa sababu konea iliyochubuka hutibiwa kwanza, na tarehe ya upasuaji hupangwa kulingana na hilo.